Mize Alihukumiwa Akiwa Edani

Nyie mliobaki kituoni kwetu cha msaada wa sheria, nimekuacheni na kabati la mlango mmoja, feni inayokoroma, na birika ambalo mfuniko wake niliuficha mie kwa sababu mlikuwa mnaupoteza. Utazameni nyuma ya mafaili. Siku ya kuniaga mlisema Bi Saada atuandikie mambo ya kazi, nikadhani ni maneno ya biskuti na soda. Kumbe mlikuwa hamtanii, kila wiki mnanipigia simu. Basi naandika. Kwa kweli mie nasema, na mjukuu wangu Rahma anabonyeza kompyuta. Anasoma sheria chuo kikuu, mwaka wa pili, na nikimtaja mbele za watu huinamisha uso kwa haya, kwa hivyo namtaja kila siku. Nimemkataza asinisafishie maneno.

Nilipandishwa cheo lini na nani alinionea wivu, sitasema. Hayo hayafundishi kitu, na wenye wivu wote wako hai. Ntasema kazi. Na kazi yetu ilikuwa moja: kumwambia mtu wa kawaida kwamba nchi ina sheria iliyo mama wa sheria zote, inaitwa katiba, na yeye mwenyewe yumo ndani yake. Asiye na muda wa kusoma yote aruke mpaka kwa Mize, mwanamke wa kijijini kwetu kusini, aliyetolewa baharini, kwenye mwani wake, na wenzake bila ya kuulizwa hata neno moja. Ile ndiyo kesi niliyotaka kuikimbia, kwa sababu aliyemtoa ni dada yangu, tumbo moja.

Mie sikwenda kituoni kutafuta kazi. Nilikwenda kulia. Nilikuwa nimeachwa, mtoto yuko mgongoni, na mwanamme anataka nitoke nyumbani siku ile ile. Nilimkuta Bi Zuhura, wakili wetu, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, akitafuna karafuu. Nikasema wee, nikalia, nikasema tena. Nilipovuta pumzi akaniuliza, "Umemaliza?"

"Bado."

"Basi endelea."

Nyie mlosoma hamtaona kitu hapo. Mie nilikuwa nimezaa watoto watatu na hakuna mtu aliyewahi kunambia niendelee. Baba alikuwa akisema basi, mume akisema nyamaza, sheha wa mtaa akisema ntakuita. Na yule yuko serikalini, mtungi wa maji baridi uko pembeni yake, ananambia niendelee. Kesi yenyewe ilikwisha, nikapata haki yangu. Siku ya kwenda kushukuru akanambia, "Weye una mdomo. Ukitiwa elimu kidogo utafaa." Elimu yangu ilikuwa hivi: chuo cha Kurani nilihitimu, skuli nilitolewa darasa la tano, maana mama alijifungua na wa kulea hakuna. Akasema inatosha, kusoma unajua, yaliyobaki tutayafanya hapa. Ndivyo nilivyokuwa msaidizi wa sheria.

Alinipa kitabu cha katiba akaniambia nikae nacho kama mtu anavyokaa na mgeni, nisimchoke. Nilikitia kwenye mfuko wa nailoni kisipate mafuta. Mlangoni mwa katiba ya Muungano kuna maneno manne, ndiyo misingi ya nyumba yote: uhuru, haki, udugu na amani. Bi Zuhura alikuwa akinisimamisha asubuhi kama mtoto wa skuli. "Saada, nambie haki ni nini, lakini nambie kama unamwambia mama yako." Haki niliipata upesi, nilikuwa nshaililia. Uhuru nao. Amani kila mtu anaijua siku inapokosekana. Udugu ulinishinda. Nikimwambia udugu ni kupendana, anasema hapana. Kusaidiana? Hapana. "Utaujua siku utakapokuuma," akasema, akaniacha hivyo hivyo.

Siku yangu ya mwanzo ya kufundisha ilikuwa mtaani kwangu, Mpendae, barazani kwa jirani, wanawake wamejaa wanachambua mchele. Nikafungua kitabu, nikaanza: ibara hii inasema, ibara ile inasema. Nikanyoosha sauti kama mtangazaji wa redio. Baada ya kitambo bibi mmoja akasema, "Bi Saada, hiyo hutuba ya Ijumaa imekuwaje leo Jumatatu?" Wenzake wakacheka. Mwengine alikuwa ameshalala, mkono umo ndani ya ungo. Nikarudi kwa Bi Zuhura nimenuna. Hakunipa pole. Akasema, "Ukitamka ibara, mtu anatafuta kanga ya kujifunika. Jikoni kwako kuna nini?"

Nikatazama jikoni kwangu. Safari ya pili nikaenda na sinia, vibakuli, na kawa, hili letu la ukili la kufunikia chakula. Nikasema: jamani, katiba ni kawa. Sheria zote, amri za wakubwa, kanuni za skuli, masharti ya vikundi vyetu, ni vibakuli ndani ya sinia. Kila kibakuli lazima kiingie chini ya kawa. Kikiwa kirefu kikalinyanyua, nzi wanaingia kwa wote. Nikatia bilauri ndefu katikati, nikafunika, kawa likakaa upande. Nikawauliza tufanyeje, tulikate kawa? Bibi yule yule wa hutuba akainua mkono akaitoa bilauri. Kutoka hapo sijafundisha bila ya kawa. Lile la kwanza lililiwa na panya, la pili ndilo lile mlilolitundika ukutani kando ya saa. Litoeni ukutani, lifanyeni kazi.

Suali mtakaloulizwa kila pahala ni kwa nini sisi tuna katiba mbili, ya Zanzibar na ya Muungano. Msianze kutokwa na jasho. Mie nilikuwa nawaambia: mnawajua wanaume wenye wake wawili? Basi mbona hilo haliwashangazi? Kila mke ana nyumba yake na mambo yake, na kuna mambo ya pamoja, na kazi ya mwenye akili ni kujua leo zamu ya nani. Wanawake walikuwa wakicheka. Wanaume walikuwa wakitazama chini, hasa wenye wawili.

Na msichague siku ovyo. Kwenye vijiji vya mwani, nendeni wakati wa maji mafu, bahari isipotoka sana. Ukienda bamvua, bahari inapotoka mbali, wanawake wote wako majini na utawafundisha kuku. Kaeni mkekani, msikubali kiti hata mkibembelezwa, maana ukikaa juu watakwambia unayoyataka. Msitoe kalamu mpaka mtu amalize. Karibu na msitu wa Jozani mkulima mmoja aliniuliza kama kima punju wana haki katika katiba, kwa sababu wanakula mihogo yake na hakuna anayewagusa. Nikamwambia katiba imezungumzia watu. Akasema, "Basi mie nataka kuandikwa kima." Nilicheka, lakini nilikaa naye mpaka adhuhuri, na alipokwisha kusema hakuwa na hasira tena, alikuwa na barua ya kupeleka kwa wahusika. Watu wengi hawaji kutaka ushindi. Wanakuja kutaka kumaliza sentensi yao.

Sasa Mize.

Ilikuwa karibu na mwisho wa kazi yangu. Asubuhi nafagia mlango wa nyumba Mpendae, nikasikia hodi. Mwanamke amesimama, buibui lina chumvi pindoni, na begani ana mzigo wa vijiti, vile vya kusimika baharini kufungia kamba za mwani. Akautua mzigo kwenye fagio langu.

"Dada yako kanitoa baharini," akasema. Hakuamkia.

Nilimjua. Mize tumecheza naye utotoni. Ana ulimi wa pilipili, hajapata kumwambia mtu samahani, na nusu ya kijiji haimpendi na nusu ya pili inamuogopa. Mumewe alikuwa amefariki, nilikwenda mazikoni, Mize akakaa eda. Kwa asiyejua desturi zetu: mjane hukaa ndani miezi minne na siku zake, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na wanawake humwendea kumliwaza. Alipotoka eda akaoga, akachukua kamba, akasubiri bamvua, akaingia baharini kwenye sehemu yake ya mwani aliyoilima tangu kijana. Akakuta kamba za mtu mwengine, mwani umeshamea, na vijiti vyake vimetupwa mchangani.

"Nikauliza vya nani hivi, nikaambiwa vya Mwajuma. Nikauliza mie wapi, nikaambiwa weye ushafukuzwa kikundini tangu zamani. Walikuja kila siku kunisomea Yasini, Saada. Kila siku. Na uji wananiletea. Hapana aliyenambia."

Sehemu ile ya bahari ndiyo riziki yake, hana nyengine. Hana mtoto wa kiume, shamba la mumewe limerudi kwa ndugu zake. Asiporudishwa majini atakula nini, hilo hakulisema na mie sikumuuliza.

Mwajuma ni mtoto wa dada yangu Pili. Kwa mila yetu, mtoto wa dada ni mwanangu. Na Pili ndiye mwenyekiti wa kikundi cha mwani. Nikamtilia Mize chai, nikaenda kwa Bi Zuhura nyumbani, keshakuwa mtu mzima wa kuegemea mto lakini karafuu bado iko mdomoni. Nikamwambia kesi hii siiwezi, mpeni mwenzangu. Akasema, "Kesi usiichukue. Usimtetee Mize, usimtetee Pili. Nenda kawaombe kitu kimoja tu, wamsikilize. Kama hata hicho huwezi kumwambia ndugu yako, miaka yote ulikuwa unawaambia watu nini?"

Nikaenda. Nilipofika kijijini Pili yuko uani anapara samaki.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kama mdogo wangu au umekuja kama serikali?"

"Nimekuja kama mtu mwenye kiu."

"Maji yako mtungini. Ukishakunywa gari za mjini ziko pale."

Nikanywa. Nikakaa chini karibu yake, nikachukua kisu cha pili, nikapara na mie. Akanieleza bila ya kuniangalia. Wiki ile aliyofariki mume wa Mize, kamba za Kazija, jirani yake wa baharini, zilikutwa zimekatwa. Zimekatwa kwa kisu, si kwa wimbi, na kisu chenyewe cha Mize kimeokotwa pale pale. Na Mize na Kazija walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kikundi kikakaa, kikaamua.

"Mlimuuliza mwenyewe?"

Akaacha kupara. "Saada, mtu yumo edani, kafiwa, nimfuate na habari za kamba? Mie nna adabu. Tulimstahi."

"Mlimstahi mkamfukuza."

"Tulimstahi tukamwacha amalize eda yake kwa raha. Ungekuwa weye ungempelekea habari mbaya mtu aliyevaa nguo za msiba?"

Na hapo, nyie vijana, ndipo nilipopata taabu, kwa sababu alikuwa hadanganyi. Kwetu sisi hiyo ni adabu kamili. Wanawake wale walimpikia, walimfulia, walimwombea dua, na walimhukumu, yote kwa mkono mmoja, na hapana aliyeona kuwa mambo hayo yanagombana. Nilishawahi kupambana na watu wabaya. Watu wema ni wazito zaidi, hawasogei.

"Dada," nikasema, "sikuombi umrudishe. Nakuomba aitwe, aulizwe, ajibu mbele yenu. Baadaye mkimfukuza tena, mie napanda gari naondoka."

"Na Mwajuma? Ana watoto wanne na hana mume. Mwanao huyo."

"Najua mwanangu."

"Basi nenda kamwambie mwanao arudi juu ya jiwe kuponda kokoto." Akawaosha samaki, akaingia ndani. Lakini alipotoka alikuwa na sahani mbili, nikajua mkutano utakuwepo.

Tulikaa kwenye banda la kuanikia mwani, wakati wa maji mafu. Walikuja wote, na hata wasiokuwa wanachama walikuja kuchungulia. Pili alikaa kwenye kiti cha plastiki, sisi sote mkekani. Mize akakaa peke yake karibu na nguzo. Hapana aliyemsogelea.

Pili akaanza: "Sisi tuna katiba yetu. Ina muhuri. Tulichofanya kimo."

Nikasema, "Isomeni." Maana nawajua watu wangu. Kila kikundi hapa Unguja kina katiba, bila ya katiba husajiliwi, na kila katiba imezungushiwa nailoni ikafungiwa sandukuni kama hati ya shamba. Nani kaisoma, hilo ni jengine. Subira, katibu wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, akaifungua akasoma: "Mwanachama atakayeihujumu timu, ndani au nje ya uwanja, atafukuzwa mara moja na uamuzi huo hautajadiliwa."

Mtu mmoja akauliza, "Timu gani?"

"Sisi," akasema Subira, lakini sauti imepungua. "Uwanja ndo bahari, nafikiri." Akaendelea kusoma, maskini, angefunga tu. "Kila mwanachama atafika mazoezini akiwa na jezi safi na soksi ndefu."

"Mie na mguu wangu huu," akasema bibi mmoja aliyekuwa amenyoosha mkekani mguu wake uliovimba kwa matende, "soksi gani itapanda?"

Banda likaanguka kwa kicheko. Walipotaka kujisajili walimtuma kijana mmoja mjini awatengenezee katiba, naye akachukua ya klabu yake ya mpira kule mtaa wa Amani, akafuta jina la klabu akaandika mwani. Muda wote ule kikundi kilikuwa kikiongozwa kama kipa na mabeki. Pili hakucheka. Mize naye hakucheka, na nilipomuona hacheki na mie nikaacha.

Nikasema, "Hata ingekuwa imeandikwa kwa ajili ya mwani tokea mwanzo, kile kifungu cha mtu asijadiliwe kingebaki bilauri ndefu. Kawa la nchi linasema mtu asihukumiwe mpaka asikilizwe. Hilo liko juu ya muhuri wenu, liko juu ya mwenyekiti, liko juu ya waziri. Na jengine. Mtu hawi hakimu kwenye shauri la mwanawe. Sehemu ya Mize kapewa Mwajuma. Mwajuma ni mtoto wa dada, na ni mwanangu na mie. Mie nshasema langu, nanyamaza. Dada naye asikalie kiti leo."

"Nitoke kwenye kiti changu?" akasema Pili.

"Kwa leo."

Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama tulipokuwa watoto nikivunja kitu. Kisha akasimama, akakinyanyua kiti chake, akaenda nacho mpaka mwisho wa banda, akakaa juu yake. "Hiki nimekuja nacho nyumbani," akasema. Subira akaendesha mkutano amesimama.

Kazija akaulizwa kwanza. Akasema kamba zake zilikatwa, mwani wake ulichukuliwa na maji, na kisu cha Mize kilikuwepo. Maneno machache, hana chuki ya kelele, ni mwanamke mtaratibu. Kisha Subira akageuka. "Mize, umesikia. Ulikata?"

Moyo wangu ulikuwa unasema, sema hapana.

"Nilikata," akasema Mize.

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema si mnaona. Subira, Mungu ampe heri, hakufundishwa na mtu, lakini akasema: "Endelea."

Mize akasema akiangalia mikono yake. Mume wake alikwenda kuvua na kaka yake. Akaanguka huko huko, mdomo umekwenda upande. Kaka yake akaileta ngalawa na maji yanajaa, na Mize alikuwa pwani anamaliza kufunga vitu vyake, wenzake wote wameshapanda juu. Njia fupi ilikuwa kupita kwa Kazija. Maji yameshafunika kamba, hazionekani. Ubao wa ubavuni wa ngalawa ukanasa. "Shemeji anasukuma, haitoki. Mume wangu yumo ndani anakoroma, maji yananifika kifuani. Nikachukua kisu. Nikakata moja haikutosha, nikakata nyengine. Kisu sijui kilidondoka wapi. Tukampeleka hospitali, akaishi siku tatu." Shemeji yake baada ya matanga alirudi dago, Pemba, kwenye kambi yake ya kuvua, wala hakujua kama kamba ni jambo la kuzungumzwa.

Kazija alikuwa ameinamisha kichwa. "Ungenambia," akasema.

"Nilikuwa ndani."

"Mie nilikuja. Kila siku nilikuja, Mize."

"Ulikuja. Ukaniletea uji, ukanisomea. Mie nikasema huyu keshajua, kanisamehe, ndo mana hanitajii. Nikakuombea dua." Akainua macho kutoka mikononi. "Hukuniuliza."

Kazija akajifunika uso kwa mtandio. Wengi walikuwa wanaangalia mkeka.

Subira akataka mikono. Wa kumrudisha Mize walikuwa wengi, si wote. Wawili walisema wazi kuwa kamba ni kamba na angetuma mtu kueleza, na hilo lina ukweli wake, likaandikwa. Wakakubaliana Mwajuma avune alichokipanda, maana jasho lake ni lake, kisha atoke, na kikundi kimtafutie sehemu nyengine. Mize atamsokotea Kazija kamba mpya. Kazija akasema hazitaki. Mize akasema, "Utazichukua." Ndiyo Mize huyo, msiba haukumlainisha.

Pili hakunyanyua mkono upande wowote. Alipoulizwa ana neno, akasema kutoka mwisho wa banda, "Andikeni katiba nyengine. Kifungu cha mwanzo, mtu asisemwe jambo lake naye yumo edani. Asubiriwe atoke." Subira akaandika. Kisha Pili akachukua kiti akaenda nacho nyumbani. Hakunisemesha siku ile wala ya pili, ingawa sahani yangu aliiweka na kuifunika. Nilijua sasa Bi Zuhura alikuwa akinisubirisha nini. Udugu uliniuma mpaka kwenye mfupa, na sikuondoka kijijini, nilisubiri bamvua.

Asubuhi ile bahari ilitoka mbali, mchanga mtupu. Mwajuma alikuwa ameshavuna. Nikafikiri ataningojea mie, au Subira, aje mtu wa kusimamia. Tulipofika tukamkuta Pili keshatangulia, kanga kaifunga kiunoni, anang'oa vijiti vya mwanawe mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Anaking'oa, anakisuuza, anampa Mwajuma mkononi, anakwenda kwenye chengine. Mwajuma analia taratibu na anapokea. Alipomaliza akaunyoosha mgongo akamwita Mize.

"Njoo usimike mwenyewe. Mipaka unaijua weye."

Mize hakushukuru. Akatua mzigo wake, akasimika kijiti baada ya kijiti, akipima kwa hatua na kwa jicho. Akafika mpakani na Kazija, Kazija amesimama hapo hapo na kamba begani, anatazama. Mize akasimika cha mwisho, akarudi nyuma akakiangalia. Akakifuata akaking'oa, akakisogeza ndani, upande wake, akakigongelea kwa jiwe.

"Kipande kile hakikuwa changu," akasema. "Changu kinaishia hapa."

Akainama, akaanza kufunga kamba.